Haipo Tension

Juzi nilinunua vidonge vya maumivu ya kichwa, na muuzaji, badala ya kunipa kwenye paketi yake, akaniwekea kumi ndani ya kibahasha cha karatasi ya kaki. Nilipokifungua nyumbani, harufu ilinifikia kabla sijaviona vidonge vyenyewe: harufu kavu ya karatasi ngumu iliyochanganyika na unga wa dawa, ile inayokaa nyuma ya koo hata kama hujameza kitu. Nikaketi. Kichwa kilikuwa bado kinauma, lakini mimi nilikuwa nimeshafika Rubondo, sehemu yetu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, nina miaka kumi na mmoja, nimevaa gauni la mifuko miwili, na ninajua Kiingereza kuliko mtu yeyote duniani.

Hilo la Kiingereza wala sitanii. Ninyi wa rika langu mliokulia Nakivale mnajua mambo yalivyokuwa. Wazazi wetu walifika na lugha zao mbili tatu, Kifuliiru, Kibembe, Kiswahili cha kwetu Kivu ya Kusini, wengine na Kifaransa kidogo cha kujivunia, na zote hizo hazikufungua mlango hata mmoja. Ofisini ilikuwa Kiingereza, sokoni Kinyankore, na askari walikuwa na Kiswahili chao, ambacho mama yangu alisema kimekatwa miguu. Sisi watoto tukaingizwa shule, na baada ya mihula michache tukawa midomo ya wazazi wetu. Mtoto wa miaka kumi alisimama mbele ya meza ya mkubwa akasema, "Baba yangu anasema," na baba yake amesimama nyuma, kofia mkononi, akingoja kujua amesema nini. Kazi hiyo ilitupa kiburi ambacho hakuna mtoto anayepaswa kupewa. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiingereza, na sikumwacha mtu yeyote asahau hilo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mama yangu aliitwa Mama Riziki, kwa jina la kaka yangu mkubwa aliyebaki kwa bibi huko Uvira. Hakuwahi kukaa darasani. Alikuwa na kichwa kinachoshika mambo, angeweza kukutajia nani alizaa lini na mvua ipi ilianguka siku hiyo, lakini karatasi ilipowekwa mbele yake aliitazama kwa heshima na kunisogezea mimi. Na alikuwa na tension. Kwetu mtu akisema ana tension, hasemi habari ya kipimo. Anasema ana ugonjwa, kama vile mwingine angesema ana malaria. Tension ni ule ugonjwa wa damu kupanda, ambao Waganda huuita presha, na mama alikuja nao kutoka Kongo au aliupata njiani, mimi sijui. Kliniki ya makazi ilimpa vidonge vya kila siku, na kila siku alivimeza akivilaumu.

"Hii dawa inaniregeza mwili," alikuwa akisema. "Nikisimama, macho inakuwa giza."

Wakati wa palizi alikwenda Rugaaga kulima mashamba ya watu. Siku moja aliinama kwenye maharage tangu asubuhi, kisha akainuka ghafla, dunia ikamzunguka, akaanguka juu ya maharage ya mwenye shamba. Walimmwagia maji, akaamka, akaomba radhi kwa maharage aliyoyavunja. Kesho yake tukaenda kliniki, yeye na mimi.

Pale kliniki palikuwa na mkalimani, kijana wa Kikongo, mpole, anayejua kazi yake. Siku ile alikuwa ameitwa chumba cha wajawazito. Mganga aliyetupokea alikuwa mtu wa Ankole mwenye sauti ya chini, akatuomba tumsubiri mkalimani kidogo. Mimi nikasimama wima, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna haja, mimi ninajua. Naandika haya nikiwa mtu mzima aliyefundisha Kiingereza miaka mingi, na bado masikio yananiwaka nikikumbuka sentensi ile. Ilikuwa sahihi kisarufi, hilo nalo lazima niseme.

Mganga alimpima mama mkono mmoja, akapima wa pili, akaandika kwenye fishi, ndivyo tulivyoiita kadi ya kliniki. Kisha akanigeukia akasema maneno mengi, haraka, kwa ile sauti yake ya chini. Nilishika presha. Nilishika nusu. Nilishika wiki mbili. Mengine yote yalinipita. Ningeweza kumwambia, samahani bwana, rudia. Nilikuwa na hayo maneno, nilifundishwa darasa la tatu. Badala yake nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa, na mama aliponitazama, nikamtikisia na yeye.

Nje, kwenye benchi la kungojea dawa, mama akanisukuma na kiwiko.

"Anasema nini?"

"Ngoja kwanza nisome."

Nikaifungua fishi. Mwandiko wa mganga ulikuwa wa kupanda na kushuka, lakini katikati kulikuwa na neno moja lililoandikwa vizuri, kwa herufi zinazosomeka: *hypotension*. Sikuwa nimewahi kuliona. Nikalishika kama tulivyofundishwa, kipande kwa kipande. Mwalimu alikuwa ametuambia kwamba ile herufi y, wakati mwingine, Waingereza huitamka "ai", na alitupa mifano. Basi h na y ni "hai". P na o ni "po". Mbele yake kulikuwa na neno ambalo sikuhitaji mwalimu, kwa sababu nilikuwa nimeliona katika Kifaransa changu cha darasa la pili kabla hatujakimbia: tension.

Haipo tension.

Mnaniona pale kwenye benchi? Nyumbani sisi tulisema "haiko". Chumvi haiko, baba haiko, amani haiko. "Haipo" lilikuwa neno la Biblia na la redio, neno la watu waliovaa viatu. Nikaona yote mara moja: mganga yule mwema alijua kwamba mama hasomi Kiingereza, akaamua kumwandikia kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi, na kwa haraka yake ya kazi akasahau kuacha nafasi kati ya maneno mawili. Walimu wetu walitukata alama kwa kosa hilo kila wiki. Nilimsamehe papo hapo.

"Mama," nikasema, "ameandika na Kiswahili."

"Kiswahili?"

"Anasema: haipo tension."

Mama aliitazama karatasi, akanitazama mimi. "Soma tena."

"Haipo. Tension."

"Yee mwenyewe njo ameandika vile?"

"Njo yee," nikasema, yaani ndiye. "Ona wino yake."

Dirishani walitupatia kibahasha cha kaki, na juu yake mtu alikuwa amechora duara lililokatwa katikati, upande mmoja umepakwa wino. Nusu. Lile neno nililolisikia. Nikamweleza mama kwamba ni nusu kidonge kila siku na kurudi baada ya wiki mbili, na hapo nilikuwa nimetafsiri kweli, neno kwa neno. Lakini mama alikuwa mtu wa akili, naye akauliza swali ambalo mtu yeyote wa akili angeuliza.

"Kama ugonjwa haiko tena, nusu ya nini?"

"Labda ni ya kumalizia," nikasema.

"Dawa ya kumalizia kitu chenye kimeisha," akasema mama, akacheka, akakikunja kile kibahasha na kukiweka kwenye fundo la kitenge chake. Sikumwona akikifungua tena. Wiki mbili zilipofika, hatukurudi.

Na sikilizeni ujanja wa mambo: alipona. Siku ya nne tangu aache vidonge, kizunguzungu kilikwisha. Aliinama, akainuka, akabeba maji kutoka kisimani na kuimba njiani. Kama kulikuwa na shaka yoyote ndani ya nyumba yetu, ilikufa hapo. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kanisa letu lilikuwa la udongo na turubai, watu wanaketi juu ya magogo, na pasta wetu alikuwa na kifua cha kuitikisa ile turubai. Mama akasimulia alivyoanguka Rugaaga, akasimulia kliniki, kisha akampa pasta fishi. Pasta akaiinua juu, akaniita mimi mbele nisome kwa sauti.

"Haipo tension," nikasoma.

"Haipo!" akaitika pasta, na kanisa zima likajibu haipo, haipo, ngoma ikaingia, wamama wakamzunguka mama yangu wakicheza. Siku ile nilijiona mkubwa kuliko wote waliokuwa mle ndani. Fishi haikurudi kwetu. Pasta aliiweka kwenye sanduku la kanisa, mahali pa ushahidi wa miujiza, pamoja na miwani ya bibi mmoja aliyeponywa macho, ambaye wiki hiyo hiyo nilimsikia akiulizia miwani yake.

Miezi ikapita. Kichwa cha mama kilianza kuuma, kwanza jioni, halafu kutwa. Siku nyingine alitoka damu puani akasema ni jua. Nilimwambia twende kliniki, kwa sababu kiburi changu hakikuwa cha mtu mbaya, nilikuwa tu mtoto. Akakataa kabisa.

"Naenda kusema nini? Niliwaambia batu bote mbele ya Mungu kwamba haipo. Sasa niseme Mungu alidanganya?"

Ule ushuhuda ulikuwa umemfunga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mama yangu alikuwa anaficha maradhi ili asimwaibishe Mungu. Asubuhi moja tulikuwa kisimani, zamu yetu imefika, akainua dumu na dumu likamponyoka. Akaliinua tena, likaponyoka tena. Aliutazama mkono wake wa kushoto kwa mshangao, akataka kuniambia kitu, na maneno yakatoka yamekunjamana, sikuelewa hata moja. Nilipiga kelele. Watu wakamlaza, wakambeba hadi kliniki, na kabla ya saa sita tulikuwa ndani ya gari la wagonjwa kuelekea hospitali kubwa ya Mbarara. Njia nzima nilimshika ule mkono wa kushoto, na wenyewe haukunishika.

Mbarara walimlaza kwenye wodi ndefu ya wanawake. Siku ya pili maneno yake yakaanza kunyooka. Kitanda cha jirani kulikuwa na bibi mmoja wa Biharwe, akiuguzwa na mkaza mwana wake, Mama Kato, mke wa askari wa kambi ya jeshi, ambaye mwenyewe alifundisha sayansi katika shule ya watoto wa askari. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, hachoki kuuliza, na siku ile ya kwanza tu alinimiminia uji kwenye kikombe cha mkwewe bila kuniuliza kama nina njaa.

Daktari wa wodi alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Kwenye barua ya kliniki aliona kwamba mama alikuwa mgonjwa wa presha wa siku nyingi aliyeacha kurudi, akaniuliza kwa nini aliacha dawa. Nikamuuliza mama.

"Mungu aliniponya," mama akasema.

Nikatafsiri hivyo hivyo. Daktari akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kuyasikia hayo mara nyingi. Akauliza fishi ya Nakivale iko wapi. Mama akasema iko kanisani. Nikatafsiri na hilo. Basi akaandika, akamwambia muuguzi, na safari hii nilisikia kila neno kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa: tangu kesho arudishiwe dawa ile ile ya zamani, kidonge kizima kila siku kama mwanzo, na aongezewe nyingine.

Walipoondoka nikaiendea karatasi iliyoning'inia miguuni pa kitanda. Nikaona neno ambalo nusu yake nilikuwa naijua: *hypertension*. Nikalisoma kwa utaratibu wangu ule ule. Haipa tension. Nikakwama. Haipo ilikuwa na maana. Haipa ilikuwa nini? Nani haipi tension kitu gani? Nikamgeukia Mama Kato, aliyekuwa akimkata mkwewe kucha.

"Mama Kato, hapa wameandika haipa tension. Nani hapewi?"

Alicheka mpaka bibi akaamka. "Wewe mtoto, hiyo si Kiswahili. Hiyo neno moja, ya daktari. *Hyper* iko juu. Presha ya mama yako iko juu sana."

"Juu?"

"Eeh. Iko maneno ya Wagiriki, watu wa zamani sana. Hao ndiyo waliandika vitabu ya udaktari kabla ya Waingereza. Waingereza walikuja, wakakuta maneno iko tayari, wakabeba. *Hyper* maana yake juu ya kitu. Anaweka mbele ya neno, neno nabadilika. Kama sisi tunasema omuntu, abantu. Si unaona?"

Niliona. Kwetu mutu ni mmoja, batu ni wengi, na mtoto wa Kikongo anajua kabla hajaota meno kwamba neno hubebwa na kichwa chake. Nikachukua daftari langu, nikaandika h, y, p, o, nikamwonyesha.

"Na hii?"

"Hiyo ndugu yake. *Hypo* iko chini. Ile sindano ya daktari inaitwa *hypodermic* kwa sababu naingia chini ya ngozi. Mtu akiwa *hypotension*, presha iko chini sana. Akisimama, kichwa nazunguka, naanguka. Dawa ya presha ikikuwa nguvu kushinda mtu, hivyo nakuwa. Wanapunguza. Wanampa nusu." Akaacha kukata kucha. "Kwa nini wewe nauliza?"

Nilikuwa nimesimama katikati ya wodi na Rugaaga yote iko mbele yangu, maharage yaliyovunjika, giza la macho, duara lililokatwa katikati. Mganga yule alikuwa ameandika ukweli, na alikuwa ameniambia ukweli kwa mdomo wake, na mimi nilimtikisia kichwa.

Nimeishi na hicho kipande kidogo cha Kigiriki tangu siku ile, na sasa ninakijua kama ninavyojua jirani mbaya. Kilikuwa ni neno la kawaida la Wagiriki la kuonyesha mahali, "chini ya", la kusema paka yuko chini ya kitanda. Walatini walikuwa na ndugu yake, *sub*, na cha juu kwao kilikuwa *super*. Kimejificha hata kwenye *hyphen*, kile kistari kinachoshika maneno mawili, ambacho kwao maana yake ni chini ya moja, yaani pamoja. Lakini chetu, haipo, si kipande. Ni sentensi nzima yenye watu wake: ha inakataa, i ni tension yenyewe, po ni mahali. Nilichukua kipande cha watu nikakisoma kama sentensi yetu. Na kosa lenyewe lilikuwa jirani na ukweli, ndiyo maana lilikuwa baya. Kati ya kitu kilicho chini na kitu kisichokuwepo kuna nafasi ndogo, na katika nafasi hiyo mama yangu alianguka.

Kuna neno jingine la ukoo huo, *hypocrite*, mnafiki. Wagiriki walimwita hivyo mwigizaji, mtu anayesema maneno akiwa amevaa uso usio wake. Nililijua nikiwa sekondari na sikuhitaji kufafanuliwa, kwa sababu nilikuwa hivyo kwa mchana mmoja na usiku wake. Nilijua kwamba kesho mama atapewa kidonge kizima pamoja na kingine. Nilijua kwamba kizima peke yake kilimwangusha. Na nilijua kwamba hakuna mtu mwingine katika Mbarara nzima aliyeiona fishi ile isipokuwa mimi. Nikinyamaza, mama ataanguka kwa upande wa pili. Nikisema, itajulikana ni nani aliyemwachisha dawa.

Asubuhi nilimwambia Mama Kato. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka.

"Kale," akasema, yaani haya basi. "Daktari nakuja sasa hivi. Mimi sisemi. Mdomo ya mama yako iko wewe."

Muuguzi alikuja na sinia ya dawa pamoja na daktari. Nilisimama kati yao na kitanda. Nilikuwa nimetunga Kiingereza changu tangu alfajiri, na chote kikapotea, kikabaki kidogo tu. Nikasema, bwana, si Mungu aliyemwambia aache. Ni mimi. Nikampa ukurasa wa daftari wenye neno lile. Nikamwambia kwamba mganga wa Nakivale aliliandika hilo kwenye fishi, kwamba mama alikuwa anaanguka, kwamba alipewa nusu, na kwamba mimi nilisoma kana kwamba ni Kiswahili. Aliniuliza Kiswahili namna gani. Nikamwambia. Akalitamka mwenyewe polepole, hypo, haipo, na nikaona kitu kikipita usoni mwake ambacho hakikuwa hasira.

"Nusu?" akauliza.

"Nusu, bwana."

Akainama kwenye karatasi ya kitandani, akakata alichoandika jana, akaandika upya. Muuguzi akakivunja kidonge katikati. Nilidhani yamekwisha, lakini daktari hakuondoka. Akaniambia, "Sasa mwambie mama yako yale uliyoniambia mimi."

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Daktari hakujua Kiswahili chetu. Ningeweza kumwambia mama kwamba daktari anamsalimu, kwamba anauliza habari za usingizi. Mama Kato alikuwa kitanda cha pili, akikunja shuka, na angesikia, lakini hata yeye hakuinua kichwa. Mama alikuwa ananitazama. Nilitamani kumdanganya kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Nikamwambia yote.

"Mama, ile siku sikusikia muganga. Nilisoma bongo, uongo tupu. Haikuwa haipo. Ilikuwa tension iko chini sababu ya dawa mingi. Ulipaswa kukunywa nusu. Njo miye nimekugonjesha."

Mkono wa kulia wa mama ulikuwa unausugua ule wa kushoto, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Muulize: ni nusu, ao ni nzima?"

Nikamuuliza daktari. "Nusu," nikamjibu mama.

"Muulize tena."

Nikauliza tena. Nusu. Mama akafungua mdomo, muuguzi akamwekea ile nusu, akaimeza. Hakuniambia neno jingine juu ya jambo hilo siku ile, wala kesho yake, wala wiki yote tuliyokaa Mbarara. Nilitamani anipige. Kipigo kina mwisho, mtu hulia kikaisha. Ule ukimya wake nilirudi nao Rubondo, na nilichoogopa zaidi ya yote ni kwamba sasa atamtafuta mtoto wa mtu mwingine awe anamsomea.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, mama alitaka kwenda kanisani. Vidole vya mkono wake wa kushoto havikurudi kama zamani, na havikurudi kamwe, kwa hiyo nilimfunga kitenge mimi. Wakati wa shuhuda ulipofika akainuka. Pasta alifurahi, wapiga ngoma wakajiweka tayari.

"Bandugu," mama akasema, "ile siku niliwaambia tension haipo. Ile karatasi haikusema vile. Tension iko. Mulinisikia niko lopitali, njo hii. Sasa nakunywa nusu ya dawa kila asubuhi, na Mungu ananichunga na ile nusu. Naomba fishi yangu, muganga anaitaka."

Ngoma hazikulia. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikitazama udongo kati ya miguu yangu, kwa sababu kila mtu mle ndani alinikumbuka nilivyosimama mbele na kusoma kwa sauti. Mama mmoja kwenye gogo la nyuma, bila ubaya, akauliza kile ambacho wote walikuwa wanakiuliza moyoni.

"Sasa Mama Riziki, ile karatasi nani aliisoma mubaya?"

"Ni miye," mama akasema. "Miye mwenyewe nilisoma mubaya."

Kanisa zima lilijua kwamba mama yangu hajui hata a. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Pasta akalifungua lile sanduku, akamrudishia fishi. Mimi nilikuwa nalia, kwa aibu na kwa upendo, sikuweza kuvitenganisha na mpaka leo siwezi. Mama alipoketi alinisukuma kidogo na kiwiko ili nimpishe nafasi kwenye gogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama keshokutwa nitakuwa na masomo, ao nitaweza kwenda naye kliniki kumsomea.